Wasomaji Wanauliza: Usambara, Kuanzia Viatu Hadi Sufuria

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu kukaa milimani, hasa Lushoto na vijiji vyake, kwa wanaokwenda kupumzika na kwa wanaohamia. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha. Mafupi yako mwishoni.

Tuko wanne: mimi, mwenzangu na watoto wa miaka 7 na 11. Tunatoka Dar mwezi Juni na tuna siku nne, kwenda na kurudi. Tunataka kuona Soni, Irente, Magamba, Mlalo na Mtae. Tupange vipi?
*Baba wa wawili, Temeke*

Futeni nusu ya orodha. Kwenye ramani Mtae inaonekana iko jirani na Lushoto, lakini barabara ya huko inafuata migongo ya milima, inazunguka bonde, inarudi, inazunguka jingine. Siku yenu ya kwanza itaishia kwenye basi na ya nne vilevile, kwa hiyo mnabaki na siku mbili. Siku mbili zinatosha kabisa kukaa Lushoto mjini na kutembea kwa miguu. Hazitoshi kukimbizana na vijiji vitano.

Soni mtaiona njiani, kwani iko kwenye barabara ya kupanda kutoka Mombo, na maporomoko yake yako karibu na barabara. Irente iwe siku ya pili. Ni kilomita tano hadi sita kutoka mjini, njia pana inayopita katikati ya nyumba na mashamba, na mtoto wa miaka 7 anaimudu asipoharakishwa. Msitoke alfajiri. Juni ukungu huweza kukaa hadi saa nne au tano asubuhi, na mkiwahi mtaona weupe mtupu. Tokeni saa nne, mle chakula cha mchana huko, mrudi kabla ya saa kumi. Pale kwenye mwamba wa kutazamia tambarare, ardhi inaishia ghafla na chini ni mamia ya mita. Mdogo ashikwe mkono muda wote. Kumwangalia kwa macho tu haitoshi.

Siku ya tatu nendeni Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kibali hulipiwa kabla ya kuingia, na mwongozaji mnampata palepale Lushoto. Mwulizeni kuhusu mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Aghalabu huwa juu kabisa, na kinachowafichua ni matawi yanayotikisika wakati hakuna upepo.

Kuhusu mavazi: kila mnapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hadi saba. Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400. Maana yake mtapanda gari mkiwa na fulana, mtashuka mkitafuta masweta. Sweta mbili nyembamba zinafaa kuliko koti moja zito, maana mkianza kupanda kilima mtavua moja. Mtoto anayetapika kwenye kona akae mbele atazame barabara mbali, asipewe simu, na asile chapati za mafuta Mombo muda mfupi kabla ya kupanda.

Nimehamishiwa shule moja ya huku juu nikitokea Tanga. Maharage niliyozoea kuyaivisha kwa saa moja na nusu sasa yanakula saa tatu na kiini bado kigumu. Mkaa unaniishia. Tatizo ni maji ya huku au ni maharage?
*Mwalimu mgeni, Lushoto*

Mwalimu, kabla ya maji na maharage, angalia ulipo. Tanga maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300 kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja, hivyo Lushoto mjini maji yako yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kama shule iko karibu na mita 2,000 ni nyuzi 93. Sufuria inatokota kama kawaida, ila chakula kinapikwa kwenye joto dogo zaidi. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yanayoruka kwa fujo na yanayotokota taratibu yana joto lile lile. Unachoongeza ni mvuke, na mvuke ni mkaa unaopaa.

Fanya hivi. Loweka usiku kucha, kilo moja ya maharage kwa lita tatu za maji. Miezi ya Juni hadi Agosti maji ya huku ni baridi mno na maharage hayanywi vizuri, kwa hiyo anza na maji ya moto, kisha acha saa 12. Asubuhi mwaga maji hayo na utoe yaliyobaki na mikunjo, kwani hayo hayataiva hata ukesha nayo. Weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vitatu, chemsha kwa nguvu dakika kumi nzima, na kama ni mekundu usizipunguze hizo dakika: yana sumu ya asili ambayo moto wa pole hauimalizi, na mtu hutapika vibaya. Baada ya hapo funika vizuri, weka jiwe juu ya kifuniko, na punguza moto hadi sufuria iwe inacheka tu. Ukiongeza maji, yawe ya moto. Maji ya baridi yanakurudisha nyuma robo saa kila mara.

Nyanya, ndimu na ukwaju viingie maharage yakishalainika. Uchachu hukaza ganda, na watu wengi wanaolalamikia maharage hukaanga nyanya mwanzoni halafu wakachemshia humo. Magadi yanasaidia, lakini robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha. Yakizidi utaonja sabuni, na vitamini B1 inapotea.

Dawa hasa ni sufuria ya presha. Inazuia mvuke usitoke, joto la maji linapita nyuzi 110, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 25 hadi 30 tangu ianze kupiga mluzi. Usiijaze kupita nusu, kwani povu la maharage huziba tundu la mvuke, na hapo ndipo hatari ilipo. Kama huna, tengeneza kikapu cha joto: tenga kubwa, ndani ulipange majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu pande zote. Chemsha maharage dakika 20, ingiza sufuria ikiwa bado inatokota, funika kwa mto, nenda darasani. Ukirudi mchana yatakuwa yamelainika sana, na dakika chache za moto zinamalizia. Lazima yachemke tena kabla ya kuliwa, hata yakionekana yameiva.

Ukiwa bado unashuku maji, pika kikombe kimoja kwa maji ya mvua na kingine kwa maji ya bomba, maharage yale yale, muda ule ule. Mara nyingi utakuta tofauti haipo, na mkosaji ni maharage ya msimu wa juzi. Sokoni ulizia ya msimu huu. Ya zamani rangi yake imefifia na hayang'ai.

Usiku ni baridi sana. Wenyeji wangu waliniletea jiko la mkaa chumbani, nikaamka na kichwa kinauma. Ni baridi au ni jiko?
*Msomaji, Morogoro*

Ni jiko, na ushukuru uliamka. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Wengi hudhani mkaa uliokwisha kutoa moshi na kubaki mwekundu ni salama. Hapana, moshi ndio umekwisha, gesi inaendelea hadi kwenye majivu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na aliyelala hazisikii. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, maswali baadaye, kisha apelekwe kituo cha afya.

Jiko likae jikoni au barazani. Chumbani ingiza joto lisilo na moto: chupa ya plastiki ngumu au ya mpira yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa khanga, iwekwe miguuni nusu saa kabla ya kulala. Tandika blanketi moja chini yako na si juu tu, kwa sababu godoro jembamba hukunyonya joto kutoka mgongoni. Kumkatalia mwenyeji si utovu wa adabu. Mwambie, "Mama, ahsante, ila kifua changu hakiwezani na mkaa," na atalitoa bila kinyongo.

Nimeolewa na Msambaa na Desemba hii nakwenda ukweni Mlalo kwa mara ya kwanza, siku kumi. Nibebe nini? Na kazi za shamba za mlimani nitaziweza? Nimekulia Mbagala.
*Mke mwana, Dar es Salaam*

Kabla ya kununua chochote mpigie wifi yako, umuulize kimyakimya nyumbani kunapungua nini. Kwa kawaida kinachofaa ni kile ambacho mlima hauzai: mchele (Mombo upo mzuri, na ukinunua pale unajiokolea mzigo wa kutoka Dar), sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, nazi, samaki wakavu. Kwa mama mkwe ongeza doti ya khanga. Usibebe kabichi, karoti wala viazi. Hizo unazozinunua Dar huenda zimeshuka kutoka hukohuko kwao.

Ukifika, shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, hata yule unayepishana naye kwenye kijia akiwa na mzigo kichwani; na kwa kuwa yeye ndiye mwenye mzigo, wewe ndiye unayesimama pembeni apite, upande wa juu wa njia. Ukialikwa ugali wa muhogo, ambao huko na Tanga kwote huitwa bada, usiutafune kama ugali wa sembe. Unanata, tonge dogo, chovya mchuzini, umeze.

Kazi utaziweza kama hutaanza na nzito. Ng'ombe wengi wa maziwa huko hulishwa bandani, na mmoja hula kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Hiyo ni mizigo miwili au mitatu ya kichwani, kila siku, mvua au jua. Ukitaka kupendwa ukweni kamata hapo. Vaa mikono mirefu, kwa sababu majani ya tembo yana ukingo unaochana ngozi. Kata yakiwa na kimo cha kiuno hadi kifua, yakizidi hapo yanakuwa miti na ng'ombe anayabagua. Acha shina la sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukikata hadi udongoni halichipui vizuri. Funga mzigo wa kilo 10 kwanza, weka ngata iliyokaa sawa, na shuka polepole. Wenyeji wanabeba maradufu, usishindane nao.

Kwenye matuta usikanyage kingo. Utaona zimeoteshwa majani, na mgeni huzidhania kuwa ndiyo njia. Zile ndizo zinazoshika shamba zima: mizizi ikilegea, mvua kubwa moja inafungua mwanya, na maji yanashuka tuta hadi tuta. Pita ndani ya tuta, vuka pale wanapovukia wao. Wakikupa jembe, lima ukienda ubavuubavu na mlima. Anayesimama ameelekea juu na kuvuta udongo miguuni anaushusha bondeni kwa kila jembe analopiga, na ndiyo sababu kwenye matuta ya fanya juu udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, ingawa ndio upande unaochosha.

Niliteleza mara tatu kwenye njia ya kushuka ingawa nilivaa raba nzuri, na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Ninunue viatu gani?
*Msomaji, Arusha*

Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hujaza mifereji ya soli, na hapo raba yako inakuwa sahani. Kinachotakiwa ni soli yenye meno marefu yaliyoachana, ili udongo udondoke. Wakulima wengi wanavaa mabuti ya mvua, na kwa nusu siku ya matope hakuna kinachoyashinda. Kwa safari ndefu yanachubua.

Kucha nyeusi zinatokana na kushuka: mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na kidole kinagonga kila hatua. Kata kucha siku mbili kabla. Kamba zilegezwe kwenye vidole na zikazwe kwenye kifundo, ili kisigino kibaki nyuma. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ukiwa umevaa soksi nene, na ukivae mjini wiki mbili kabla ya safari. Unaposhuka piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo, na penye mteremko mkali geuza mwili ubavu. Fimbo inasaidia kuliko kiatu. Isikupite kiwiko, na itangulie kabla ya mguu.

Jambo jingine: usiulize umbali, uliza muda, kisha uongeze nusu yake. "Hapo tu" ya mwenyeji ni hapo tu kwa miguu yake. Ukitaka hesabu yako mwenyewe, saa moja kwa kila kilomita nne, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 unazopanda.

Watoto wangu wanataka kuona vinyonga wenye pembe. Wanapatikana wapi, na tunaweza kuwashika?
*Mama watatu, Korogwe*

Mchana mtapita mbele ya kumi msione hata mmoja. Watafuteni usiku, kuanzia saa mbili, kwenye vichaka vya kando ya njia, si msituni ndani. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, na hupenda kulala kwenye ncha ya tawi jembamba. Shika tochi usawa wa macho, karibu na shavu, ummulike pole pole: majani yatabaki kijani, yeye ataonekana mweupe kama karatasi iliyonasa. Dume wa aina moja ya Usambara Magharibi ana pembe mbili zinazochomoza juu ya pua. Jike anaweza kuwa na vijipembe vidogo tu au asiwe navyo. Mwende na mwenyeji, ili watu wasishangae mataa vichakani.

Msiwashike. Aliyeamshwa na kushushwa hubaki chini ambako siafu wanampata, na kuwachukua ni kosa. Vivyo hivyo kwa yale maua madogo ya rangi ya urujuani yanayoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Walter von Saint Paul, ofisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, ndiye aliyeyapeleka Ulaya mwaka 1892, na leo yamo madirishani duniani kote, huku mwituni yakibaki Tanzania na Kenya tu. Ukiling'oa halifiki Korogwe likiwa hai.

Kila Januari nanunua plamsi Soni, nusu zinaoza kabla sijafika nyumbani. Na jamu yangu haigandi.
*Msomaji, Dodoma*

Nunua zilizoiva nusu, ngumu kidogo mkononi, zikiwa na vikonyo na ule unga mweupe juu ya ganda. Unga ukiwa umefutika, zimeshikwashikwa na wengi. Zisioshwe kabla ya safari. Zipange kwenye boksi lenye matundu au tenga dogo, safu mbili au tatu tu, na kila safu itandikiwe majani makavu. Mfuko wa plastiki unazichemsha.

Jamu: kilo moja ya plamsi, robo tatu kilo ya sukari, kikombe kidogo cha maji. Robo ya matunda yawe yale mabichi kidogo, kwa sababu hayo ndiyo yenye kiungo cha asili kinachogandisha. Yaliyoiva sana yamekwisha kukipoteza. Chemsha matunda na maji peke yake hadi maganda yalainike, dakika 20 hivi, kisha tia sukari. Ukitia mapema ganda linakuwa gumu kama ngozi. Sukari ikiyeyuka yote, ongeza moto na ukoroge, uchote mbegu zinazoelea. Jaribu kwa sahani ya baridi: dondosha kidogo, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikijikunja, tayari.

Anayetumia kipimajoto ajue kwamba nyuzi 105 za kwenye vitabu ni za pwani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo epua kwenye nyuzi 101 hivi. Ukingoja 105 utapata peremende.

Maswali ya haraka

*Je, nitapata ugonjwa wa mwinuko Usambara?* Hapana. Kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na Usambara haifiki huko. Kuhema ni mteremko na kukaa ofisini.

*Nichukue chandarua?* Ndiyo. Mbu ni wachache juu, lakini wapo, na ukilala Mombo au Korogwe njiani utakihitaji zaidi.

*Maji ya kijito kinachotoka msituni yananyweka?* Yachemshe yatokote dakika moja kamili, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Uwazi wake hauhesabiki: huko juu, mahali usipopaona, kuna ng'ombe anayekunywa na mtu anayefua.

*Nifanye nini siafu wakikatiza njia?* Usisimame kuwatazama. Ingiza suruali ndani ya soksi, ruka msafara kwa hatua ndefu, tembea mita 20 ndipo ujikague. Aliyeng'ata mwilini mng'oe kwa kumshika kichwa. Ukivuta kiwiliwili, kichwa kinabaki kimeuma.